Msala wa Nyamizi

Ungekuwa wewe, umeamka alfajiri umkute mjukuu wako anaswali ameelekea kabatini, na nyie siku zote mnaelekea dirishani, ungefikiri nini?

Mimi nilifikiri ameingia dhehebu. Nyamizi yuko kidato cha nne, shule ya Kiislamu, na wasichana siku hizi wanarudi na mambo. Sikumuuliza. Nikampa muda.

Mchana nikamkuta uani kwetu hapa Mlandege amechomeka ardhini mwiko wangu mpya, ule wa mninga, anachora kivuli chake kwa mkaa. Jirani yangu Matilda, Mlutheri, akachungulia juu ya ua.

"Bibi, huyo anaita mvua au anafukuza wachumba?"

"Hata sijui, mwanangu," nikamjibu. Na kweli sikujua.

Ijumaa akaja baba yake, mwanangu Nkuba, kutoka Usangu anakolima mpunga. Jumatatu Nyamizi alitakiwa ataje shuleni masomo ya kidato cha tano. Nkuba ameshaamua: Kiarabu na Maarifa ya Uislamu, aje afundishe watoto wa kule kwao. Binti kila akiambiwa, "Ndiyo, baba," halafu ugali anaubonyezabonyeza tu. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kama dini haitaki, mbona swala hakosi? Kama anaitaka, mbona hali?

Alasiri Nkuba akatandika msala kuelekea dirishani. Kugeuka, binti yake kaelekea kabatini.

"We Nyamizi, nani kakuhamishia Makka?"

Nyamizi akanyoosha pembe ya msala wake.

"Sema, mama," nikamwambia. "Baba yako hali watu."

"Baba, siku ile unatupimia kibla, simu uliiweka juu ya kitanda cha bibi. Kile cha chuma. Kinapotosha dira ya simu. Mimi nimepima siku kadhaa kwa kivuli cha mwiko mchana."

Nkuba akaiweka simu kitandani, akaiangalia. Akatoka nayo uani, akaipima tena kule. Akarudi anakuna kidevu.

"Kwa hiyo mama yangu anaswali kombo tangu Ramadhani?"

"Mungu anajua nia yake, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzaje kukusahihisha wewe?"

Nkuba akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamtazama binti yake kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

"Na hiyo 'ndiyo, baba' ya masomo, nayo ni hivyo hivyo?"

Nyamizi akaukunja msala, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nataka Fizikia, Jiografia na Hesabu, baba. Nataka kusomea upimaji wa ardhi."