Koramu ya Semeni

Mara ya kwanza pilau ililiwa baridi. Mara ya pili wanawake wa mtaa walirudi makwao wakisonya, maana nani apikie mkutano usiofanyika? Mara ya tatu akabaki Semeni binti Uweso peke yake na moshi wake, uani kwa shemeji yake Mzee Sadalla, nje kidogo ya Pongwe, mwaka wa hamsini na nne.

Kilichovunja mikutano hiyo miwili ni neno moja la Kizungu: koramu. Alikuja nalo Bwana Methusela, kijana wa Kibondei kutoka ofisi ya ushirika Tanga, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama wima. Wakulima wa nazi walitaka chama chao, wauze mbata wenyewe na kuachana na yule mnunuzi ambaye mizani yake ilikuwa na njaa kuliko yeye. Chama hakiandikishwi mpaka mkutano uchague viongozi, na mkutano si mkutano mpaka wawepo wanachama ishirini. Mara zote mbili walifika kumi na tisa. Waliobaki, mnunuzi aliwaita siku hiyohiyo kugawiwa sukari ya bure, na sukari ya bure haikosi watu.

"Leo ndiyo ya mwisho," Methusela alisema barazani. "Isipotimia, faili linafungwa."

Semeni alisikia kupitia dirisha la uani. Minazi arobaini aliyoachiwa na babake aliipalilia kwa mikono yake, na hisa aliilipa kabla ya wanaume wengi. Sadalla aliipokea, akamwandika kitabuni, kisha akasahau.

Barazani wakahesabiana. Kumi na tisa, kama kawaida. Mzee mmoja akataka ahesabiwe mara mbili kwa kuwa ana wake wawili.

"Koramu haihesabu wake, mzee wangu," Methusela akajibu, akijizuia kucheka. "Inahesabu wanachama. Jina liwe kitabuni na mwenyewe awe hapa, tangu kufungua mpaka kufunga. Akitoka mmoja tukapungua ishirini, yote yatakayosemwa baada ya hapo ni soga."

Akafungua kitabu aone nani hakufika, akasoma jina baada ya jina. "Semeni binti Uweso."

Sadalla akakohoa. "Huyo shemeji yangu. Yuko jikoni."

"Amelipa hisa?"

"Amelipa."

"Basi ni mwanachama."

"Haya, mhesabu hukohuko. Sauti si inafika?"

Semeni alikuwa keshafika mlangoni, kanga kaifunga vizuri. "La, shemeji. Huko mie mpishi. Kama n'tahesabiwa, n'hesabiwe n'kiwa nimekaa na wenzangu."

Methusela akasimama. "Shikamoo, mama," akasema, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu." Akakaa. Wanaume wakatazamana, lakini hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu sasa walikuwa ishirini.

Mkutano ukafunguliwa. Sadalla akamwomba kila mtu rai yake, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Semeni akamruka kama mtu arukaye dimbwi. Semeni akainuka, akapiga hatua moja kuelekea uani.

"Wapi tena?" Sadalla akauliza.

"Jikoni. Kama sina la kusema, basi sipo. Na kama sipo, hesabuni upya."

Methusela akainua kalamu kutoka kwenye karatasi, akangoja. Sadalla akamwonyesha kiti. "Keti, shemeji! Keti useme!"

Akaketi, akasema. Alitaka mizani ya chama iwekwe nje, mbele za watu, na uzito wa kila gunia usomwe kwa sauti hata kiziwi asikie. Hakuna aliyewahi kulitamka jambo hilo, na wote lilikuwa likiwauma. Yule mzee wa wake wawili akapiga paja: "Basi mizani aishike yeye mwenyewe!"

Walikuwa wakinyoosha mikono harufu ilipoingia. Pilau ilikuwa ikiungua. Semeni aliitambua kabla ya wote, akainuka nusu.

"Usitoke!" wakapaaza sauti wanaume kumi na tisa.

Sadalla akashika fimbo yake aende mwenyewe. "Nawe keti, shemeji," Semeni akamwambia. "Ukitoka wewe tunarudi kumi na tisa."

Wakabaki wamekaa, watu wazima ishirini, chakula chao kinateketea na hakuna wa kunyanyuka. Hapo Semeni akamgeukia kijana wa ofisi.

"Mwanangu, wewe ni mwanachama?"

"La, mama. Mimi mtumishi wa serikali."

"Basi wewe ukitoka huvunji kitu. Vitambaa vya kushikia viko juu ya kinu. Epua sufuria, uzitoe kuni zote."

Na Bwana Methusela akaenda. Alirudi na masizi kwenye kaptula, macho yamejaa machozi ya moshi. "Nimeepua, mama. Chini imeshika."

"Ahsante. Tuendelee," akasema Semeni, na wakaendelea, hata Sadalla.

Mchana huo Sadalla alichaguliwa mwenyekiti na Semeni msimamizi wa mizani, mikono ishirini juu. Pilau ikaliwa moto, na wakagombea ukoko mweusi kama uliopikwa makusudi. Semeni alikula barazani. Alijivuna, na hakujisumbua kuficha.

Siku ya pili kisimani wanawake wakamzunguka. Mwatumu, jirani yake, akamuuliza hilo neno la Kizungu maana yake nini hasa.

Semeni akatua ndoo. "Ni mtu ambaye akiondoka, waliobaki hawana wanaloweza."

"Mtu gani huyo?"

"Jana? Mie."

Kabla ya Ijumaa, wanawake watatu walikuwa wamekwenda kwa Sadalla kulipa hisa.