Piano ya Marehemu Muhdhar

Mahadhi alikuwa fundi wa ala za nyuzi, udi na ganuni, na Malindi nzima ilimsifu mpaka sifa zikampanda kichwani. Basi mwaka ule wa 1984, Bi Shekha alipomwita aitie nyuzi mpya piano kubwa ya marehemu mumewe, Muhdhar, hakusita. Bi Shekha alikuwa edani, haonani na mwanamume wa kando. Alikaa nyuma ya pazia la chumbani, fundi akafanya kazi ukumbini. Alitaka jambo moja tu: siku ya kutoka eda aisikie piano ile ikilia tena.

Kuuliza si ujinga, lakini Mahadhi hakumwuliza mtu. Alizing'oa nyuzi zote kwa asubuhi moja, kama afanyavyo kwa ganuni, kisha akaanza kukaza mpya upande wa nyuzi nyembamba peke yake, mpaka mwisho wa kukazika. Piano ina nyuzi mia mbili na zaidi, zinavuta kwa uzito wa malori, na kinachozizuia ni fremu ya chuma. Hii ilikuwa kuukuu, imeliwa na chumvi ya bahari. Ikavutwa upande mmoja, wa pili mtupu.

Alhamisi adhuhuri fremu ikalia kama bunduki.

"Nini hicho, Mahadhi?" Bi Shekha akauliza kutoka ndani.

"Mfuniko tu, Bi Shekha. Umeniponyoka."

Ufa ulikuwa umeikata fremu pande mbili. Angeweza kuupaka rangi na kuziacha nyuzi zimelegea kidogo, siku ifike, piano ilie, sifa zibaki. Lakini fremu ile ikiachia, vyuma vitamrukia aliyekaa mbele ya piano, na atakayekaa hapo ni mjane huyu. Aliona haya hata kwa kuwaza.

"Bi Shekha, nimekudanganya. Fremu imepasuka, na aliyeipasua ni mimi. Haitashika nyuzi tena. Hata hizi nilizotia sina budi kuzilegeza."

Alisubiri matusi.

"Zilegeze, mwanangu," alisema Bi Shekha. "Lakini polepole. Na kila uzi uupige kwanza, nami niusikie."

Mahadhi akapiga uzi, akaulegeza, akapiga mwingine. Nyuma ya pazia, mwanamke ambaye watu walisema hakulia hata siku ya maziko, alianza kulia. Uzi wa mwisho ulipozima, alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi.