Bwawa la Sitaha ya Tisa

Huu ulikuwa mwaka wa tatu mchoraji wa ramani za meli anapigana na bwawa la kuogelea, na kusema kweli bwawa ndilo lililokuwa likishinda.

Meli yenyewe ilikuwa bibi kizee. Ilivusha watu bahari kuu miaka arobaini, ikastaafu, ikafungwa gatini na kuachwa iliwe na kutu, hadi alipotokea mkurugenzi mwenye pesa na ndoto. Akasema ataifanya meli ya starehe ya kisasa, kila chumba na roshani yake, lifti za kioo, na huko juu kabisa, sitaha ya tisa, bwawa kubwa la kuogelea lenye mtelezo wa kuzunguka bomba la moshi. Mchoraji alipoonyeshwa picha hiyo mara ya kwanza alisema, "Bosi, hili litakuwa zito mno."

"Tafuta njia, dada," mkurugenzi akacheka. "Si wewe ndiye Itawezekana?"

Hilo ndilo jina walilompa ofisini, na alijitakia mwenyewe, maana kila alipoombwa jambo alijibu hivyo hivyo. Roshani? Itawezekana. Boila za zamani zing'olewe, ziwekwe injini nyepesi? Itawezekana. Yale mawe ya saruji yaliyolazwa chini kabisa, tumboni mwa meli, yatolewe ili chumba cha kufulia kipate nafasi? Hapo alikuna kichwa siku mbili nzima, kisha napo akasema itawezekana. Kila njia aliyoipata ilikuwa sawa ikiwa peke yake. Zilipojumlishwa ndipo balaa lilipoanza, na muda wa kujumlisha hakuna aliyempa. Sitaha ya tisa alikuwa ameichora mara arobaini. Arobaini! Akilipunguza bwawa wiki hii, wiki ijayo linarudi limenenepa.

Mjomba wake ndiye aliyemtia wazimu wa meli tangu utotoni. Alikuwa serahangi, kiongozi wa mabaharia, katika meli hiyo hiyo kwa miaka ishirini. Siku alipotandaziwa ramani mezani alizipitia zote kwa kidole, akavua miwani.

"Mwanangu, mmeipunguza tumbo mkaiongeza kichwa. Mtu wa namna hiyo akipepesuka, hainuki."

Mchoraji alikasirika. Alikasirika zaidi kwa sababu jambo hilo alikuwa analijua.

Likabaki jambo moja tu la kukata mzizi wa fitina, nalo ni kipimo cha kuilaza. Siku bahari imetulia, mafundi wote wanashushwa, kamba za gatini zinalegezwa, na kreni inahamisha matofali makubwa ya saruji kutoka ubavu mmoja wa meli hadi wa pili. Chini, katika chumba cha mizigo, imening'inizwa timazi: kamba ndefu yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, kilichozamishwa kwenye beseni la mafuta ili kisichezecheze. Meli ikiinama kidogo, timazi inahama kidogo. Ikihama sana, basi meli haina nguvu ya kujiinua, na hapo huna la kuibembeleza. Mchoraji alipiga mstari mwekundu kwenye ubao ulio juu ya beseni. Timazi ikiuvuka, bwawa litoke. Isipouvuka, atatia sahihi fomu ya usalama, na meli itabeba watu mia tisa.

Asubuhi ya kipimo bwawa lilijazwa maji hadi juu. Mjomba, aliyeombwa aje kusoma timazi, alichutama kando ya beseni, penseli sikioni. Mkurugenzi naye alikataa kushuka gatini. Alitaka kushuhudia kwa macho yake. Alisimama kando ya beseni akizungumza na mama yake kwa simu.

"Chumba chako nimekuwekea sitaha ya nane, mama, chini ya bwawa kabisa. Abiria wa kwanza ni wewe. Anza kupanga sanduku."

Kreni ikanguruma huko juu. Timazi ikasogea upana wa kidole kimoja, ikatulia. Mstari mwekundu ulikuwa mbali kabisa.

"Niliwaambia nini mimi!" Mkurugenzi alipiga makofi. "Miaka mitatu mnanitisha bure!"

Mchoraji alifurahi. Angekwenda nyumbani, angelala, asingeliota bwawa. Akatoa fomu mfukoni. Ndipo alipoona penseli bado iko sikioni mwa mjomba.

"Mjomba, mbona huandiki?"

"Naandika ninachokiamini," alisema mzee, bila kuinua kichwa.

Mchoraji alipanda ngazi zote hadi juu akihema, akachungulia gatini. Kamba zilikuwa zimekazwa kama za kuanikia nguo. Meli ilikuwa imeshikwa na gati, haiwezi kuinama hata ikitaka. Chini alisimama fundi wa mapambo, anajipangusa vumbi la vioo.

"Nani kazikaza hizi kamba?"

"Mimi nilimwomba mlinzi," fundi akajibu. "Alfajiri tulikuwa tunaning'iniza zile taa za ukumbini, meli inatikisika. Kwani kuna ubaya?"

Fomu ilikuwa mkononi, kalamu mfukoni, na hesabu nzuri tayari imepatikana. Nani angejua? Mkurugenzi hajui kamba ni nini. Mjomba angejua, lakini mjomba asingesema. Angemtazama tu, sikukuu baada ya sikukuu, kila wanapokaa mezani. Heri lawama kuliko fedheha. Na bado, Mungu anajua, alichukia kufungua mdomo.

"Legezeni kamba zote!" alipiga kelele. "Turudishe matofali, tunaanza upya!"

Mara ya pili timazi haikuishia kwenye upana wa kidole. Ilikwenda taratibu, ikaufikia mstari mwekundu, ikaupita, ikaendelea hadi ikagonga ukingo wa beseni. Sakafu ilikuwa imeinama kiasi kwamba mkurugenzi aliushika ukuta.

"Rudieni," alisema.

"Tumesharudia, bosi."

"Basi tafuta njia! Hiyo ndiyo kazi yako! Ukishindwa wachoraji wamejaa tele, nitamleta atakayetia sahihi."

Sikio la kufa halisikii dawa, na mchoraji alikuwa amechoka kutia dawa.

"Mlete. Lakini siku mama yako anapopanda, mwambie ukweli mmoja. Yale mawe ya chini, yaliyokuwa yakiisimamisha meli hii, niliyatoa mimi. Usimsingizie mwingine. Nilijua kazi yake, nikayatoa, kwa sababu ulifurahi sana nilipokubali, na mimi nilipenda kukuona unafurahi. Hilo tu. Sina sababu nyingine."

Risasi ilikuwa imeegemea ukingo wa beseni, haitaki kurudi. Simu ya mkurugenzi ikaita. Akatazama jina, akaacha iite, ikakatika, ikaita tena.

"Naam, mama," alisema hatimaye. "Hapana, mimi ni mzima. Sikiliza... usipange sanduku kwanza." Akairudisha simu mfukoni. Hakumtazama mchoraji, alikuwa anaitazama ile timazi. "Bwawa lote?"

"Lote. Na mawe yarudi mahali pake."

"Mawe yakirudi, chumba cha kufulia nitakiweka wapi? Mashuka ya watu mia tisa! Utanipatia nafasi pengine?"

Neno lilimjia lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi, lile la miaka yote mitatu. Mchoraji akalimeza.

"Sijui," alisema.

Mjomba akaitoa penseli sikioni, akaandika.