Shamba Safi la Mama Clovis

Léocadie aliliona shamba lake kwa mbali, jekundu tupu, akadhani dereva wa pikipiki amekosea njia.

Alikuwa akirudi kutoka hospitali ya Kasongo, malaria imemlaza huko majuma mazima. Pale alipoacha nyasi na vichaka vilivyomzidi kimo, sasa kulikuwa na matuta yaliyonyooka, na kina mama wa kanisa wameegemea majembe wakimngoja. Kando, lundo la miche iliyong'olewa lilikuwa bado likifuka moshi.

"Mama Clovis, karibu kwako," alisema Consolée, kiongozi wao. "Matanga yamekwisha, na majani yalitaka kukumeza. Tukasema, mwenzetu asiaibike. Sasa liko safi."

Wangejuaje, maskini? Kila mjane wa kijiji cha Lusangi hulimiwa hivyo matanga yakiisha. Marehemu mumewe, Grégoire, ndiye aliyeamua kuurudisha msitu juu ya ardhi iliyochoshwa na mihogo. Alipanda mivule, akaacha vichaka vijiotee, hata kwale na paa wakarudi. Lakini aliogopa kuchekwa, basi akawaambia majirani anapumzisha shamba tu. Léocadie aliitunza siri hiyo kama mke mwema. Watu wa mradi wa kaboni, wanaolipia misitu iachwe isimame, walikuwa wameahidi: miti ikishapimwa, mwanawe Clovis angepewa kazi ya kuilinda, aachane na mashimo ya dhahabu ya Salamabila. Mashimo hayo yalikwisha kumfukia kaka yake Clovis.

Alitamani kupiga yowe. Alitamani kumtwanga Consolée kwa mpini wa jembe lake mwenyewe. Kisha akaiona mikono ya yule mama, malengelenge yamepasuka.

"Asanteni," alisema. "Mungu awalipe."

Simu ikaita. Alikuwa Clovis, sauti imechangamka.

"Mama, nimeaga kule shimoni, niko njiani. Mivule ya baba imefika wapi sasa? Kifuani?"

Léocadie akawapa kina mama mgongo. "Wewe njoo tu, mwanangu."

Consolée alikuwa akimsubiri na kipande cha shina la muhogo. Walikuwa wamemwachia nafasi ya mwisho kwenye tuta, apande mwenye shamba, kama ilivyo desturi. Akainama, akakichomeka ardhini, akashindilia udongo kwa kisigino. Kina mama wakapiga vigelegele.