Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Asubuhi ya kwanza baada ya Kafedha kurudi kutoka Ujerumani, foleni ya mahamri kibandani kwake ilikuwa ndefu kuliko ya sikukuu, na wengi waliopanga hawakuwa na njaa. Walikuja kusikia Ulaya. Kibanda hicho kiko Changamwe, kwenye njia ya uwanja wa ndege, na miaka yote ndege zimempita Kafedha utosini akiwa anakanda unga. Sasa naye alikuwa amepanda moja, akashuka, na bado kajifunga leso ile ile. Watu walitaka haki yao.

"Mama Kalama, hebu tueleze hiyo Hamburg," alianza Jacktone, karani wa makontena bandarini Kipevu, ambaye hajawahi kutoka Kenya lakini aliijua Ulaya yote kupitia simu. "Bandari yao si balaa?"

"Nimeiona," Kafedha akajibu. "Kreni ni kama zenu za Kipevu, shingo juu. Ziko nyingi zaidi, na zimerowa."

Jacktone alikunja uso kana kwamba katukanwa yeye. Wapo watu hivyo: mahali hawajafika, lakini ukipakosoa wanaumia kuliko wenyeji. Kafedha, ambaye ulimi wake haujawahi kupakwa asali, aliona amepata wa kumchokoza. Akasema maji ya bomba kule yanyweka, hilo alilikubali. Treni ikisema saa nne inakuja saa nne, haina hata haya. Barabara ni safi mpaka ganda la chungwa unarudi nalo nyumbani mkobani. Lakini mkate wao ungemwangusha mwizi, na salamu hakuna.

"Nilipanda basi nikawaamkia wote. Hamjambo! Mzee mmoja akahamia kiti cha nyuma."

Foleni ikaangua kicheko, isipokuwa Jacktone.

"Na Philister mwenyewe, aliyekualika?" aliuliza Selpher, jirani yao. "Yuaishi raha?"

Kafedha akaligeuza hamri ambalo halikuwa limeiva. Ukweli wa mji alikuwa nao tele. Wa Philister ulikuwa mgumu kuutoa.

Philister alipokuja Mombasa kutoka Kisumu, alipanga chumba kilichotazamana na cha Kafedha. Wiki ile ile Kafedha akampelekea mbaazi za nazi kwenye sahani ya bati. Philister akazila, akaiosha sahani ikang'aa, akairudisha tupu. "Mwanangu," Kafedha akamwambia mlangoni, "sahani ya jirani hairudi tupu. Huna kitu, tia hata chumvi." Tangu hapo sahani ilikwenda na mbaazi ikarudi na dagaa wa omena, ikaenda na viazi vya karai ikarudi na njugu, mpaka Philister alipopata kazi ya kutunza wazee huko Hamburg. Alipojiweka sawa akamtumia Kafedha tiketi: njoo unione.

Alimkuta kwenye nyumba nzuri, ghorofa ya tatu, na kimya cha kutosha kusikia friji ikiwaza. Aliyeishi ng'ambo ya ukuta, Philister hakumjua. Jioni moja akasimulia, akicheka, jinsi homa ilivyomlaza siku kadhaa msimu wa baridi, na hakuna aliyegonga. Kafedha hakucheka. Changamwe usipofungua mlango asubuhi watauvunja, hata kama umelala tu. Tangu saa ile alikoma kuwa mgeni. Akaapa hatapanda ndege kabla hajamwachia Philister mtu mmoja wa kumgongea.

Akamchagua Bibi Gerda wa ghorofa ya chini yao, mjane mwenye kijibwa, aliyekuwa akiwachungulia wapita njia kwenye pazia.

"Mama Kalama, nakuomba," Philister alisema. "Huku mtu hapigi hodi bila kupatana kwanza."

"Tupatane mahamri yapoe?"

Akateremka na sahani ya bati, aliyomletea Philister kuwa zawadi. Akapiga hodi mpaka mlango ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukiuzuia. Sahani haikupita. Bibi Gerda akalazimika kutoa mnyororo. Huyu akasema Kiswahili, yule Kijerumani, na mahamri yakaingia.

Kesho yake sahani ilikuwa inaning'inia kwenye kitasa cha Philister, ndani ya mfuko, safi kabisa. Na tupu.

"Ona, amerudisha! Mstaarabu," Philister alifurahi.

Kafedha akaushika mfuko, akateremka, akautundika kwa Bibi Gerda. Asubuhi ukawa juu. Akaurudisha chini. Wiki nzima sahani ile ilipanda na kushuka ngazi, na ubishi wa Kafedha ukapanda nayo, mpaka Philister akapasuka.

"Hapa si Changamwe! Watanifukuza nyumba! Mbona wanitia aibu?" Akalia, akaingia chumbani.

Kafedha aliondoka sahani ikiwa bado kwa Bibi Gerda. Uwanja wa ndege walikumbatiana, lakini mikono ya Philister ilikuwa mizito. Hata simu ya kuuliza kama amefika salama hakupiga. Na Kafedha aliumia, kwani alikwenda kumtafutia mtu, akahofu amempoteza yeye mwenyewe.

"Nyumba yake nzuri," alimjibu Selpher hatimaye. "Lakini yuko peke yake. Na mimi na kimbelembele changu nimemwongezea upweke."

Ndipo simu ikalia mfukoni mwa aproni, na uso wa Philister ukajaa kiooni.

"Shikamoo, Mama Kalama."

"Marahaba, mwanangu. Wanidai radhi."

"Ngoja kwanza! Jana nimeshuka kwa Bibi Gerda kumwomba msamaha kwa ajili yako. Nikamweleza: kwetu sahani hairudi tupu. Unajua amesema nini? Alidhani unamrudishia kwa sababu haikutakata! Kila siku alikuwa anaiosha upya!"

Kibanda kizima kikacheka, Jacktone wa kwanza, na Kafedha akashika mbavu.

"Jioni nikasikia hodi," Philister aliendelea. "Hatukupatana. Amegonga tu." Akaigeuza simu. Sahani ya bati ilikuwa mezani, na juu yake keki ya tufaha iliyoungua upande mmoja. "Sasa sijui nimtilie nini."

"Chochote! Lakini ishuke leo."

"Na sahani hiyo itarudi lini huku?" Jacktone alidakia.

"Desemba nakuja likizo," Philister alisema. "Nitamletea Mama Kalama mimi mwenyewe, ikiwa imejaa."

Kafedha akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akilaumu moshi.

"Usithubutu," akasema. "Ukiileta, nani atakugongea ukirudi? Iache huko ipande na kushuka. Wewe njoo mikono mitupu."