Barua Alizozitunga Mwanaesha

Shahidi wa pili alikuwa Hamid, jirani wa ukuta kwa ukuta, na Mwanaesha hakuwa na wasiwasi naye hata chembe.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Mumewe, Yeslam, alikwenda Mukalla, Uarabuni, kufuatia urithi wa babake, mwaka ule reli ilipofika Kisumu. Alisema miezi minne. Huu sasa mwaka wa saba, hakuna barua wala salamu. Kadhi alikuwa tayari kuivunja ndoa, mradi wanaume wawili waape kwamba nyumbani hakujafika habari yoyote. Shamsudin, fundi wa milango, alikwisha kuposa, na alikwisha kusema hangoji Ramadhani nyingine.

Shahidi wa kwanza aliapa. Hamid akaunyoshea mkono Msahafu, akaurudisha.

"Nisamehe, Shehe. Mimi siapi."

"Jana ulikubali."

"Jana sikuwa nimezungumza na mke wangu. Aniambia barua zaja, kila mwaka baada ya Idi. Hata maneno yake ayajua."

Ndani ya buibui, Mwanaesha alijua mara moja ni barua zipi.

Kila Alhamisi alasiri wanawake wa mtaa walikuja kwake na kofia zao za kudarizi, naye akawasomea hadithi yake ndefu kutoka daftarini. Ilikuwa hadithi ya mke ambaye mumewe amevuka bahari. Mwanaesha hakuwa na pengine pa kuchota ila nyumbani kwake. Mke wa hadithini alikuwa na ngazi iliyovunjika kidato cha tatu, kama yake. Aligombana na mamkwe juu ya sinia ya shaba, kama alivyogombana yeye. Shangazi yake Mwanaesha alipojiona mle hadithini, alikaa miezi miwili bila kumwamkia. Kwa hiyo wanawake walikata shauri: huyu hatungi, huyu abadilisha majina tu.

Barua peke yake ndizo alizozitunga. Ummulkheir, bintiye, alikuwa na miaka sita wakati huo, amekaa katikati ya wanawake. Hadithi ilipofika pale mume anapokawia, mtoto aliinua macho akamtazama mamake. Mwanaesha hakuweza kumwacha mume akae kimya. Akamfanya mume aandike. Mwaka uliofuata akamfanya aandike tena.

"Barua ziko wapi?" Kadhi aliuliza.

"Hazipo, Shehe. Ni hadithi. Nimezitunga mimi."

"Na ngazi je?" Hamid alidakia. "Ngazi nimeiona kwa macho yangu. Sinia ipo. Shangazi yupo, na kununa alinuna. Barua tu ndizo za uongo?"

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka.

"Shahidi mmoja hatoshi, binti. Na baada ya haya sioni nani mwingine ataapa."

Nje, Sheikha, mkewe Hamid, alimshika mkono. "Wallahi shoga, nilidhani wamficha Kadhi barua kwa hasira. Sikutaka mume wangu aape uongo."

"Ungeniuliza."

"Niulize nini? Nimezisikia kwa masikio yangu mara sita! Mwenyewe ulilia ukizisoma."

Kweli Mwanaesha alilia.

Kabla ya magharibi Shamsudin alileta ujumbe: amsamehe, yeye hawezi kuposa mke wa mtu. Mwanaesha hakumlaumu. Alipika, akapakua, kisha akamwita Ummulkheir. Hakuzungukazunguka, kwa kuwa jambo kama lile hata ulizungushe vipi halipungui uzito.

"Babako hajaandika, mwanangu. Zile barua nilizitunga mimi."

"Zote?"

"Zote."

"Hata ile aliyoniulizia jino langu?"

"Hata hiyo. Nilitaka usilie."

Ummulkheir alimkazia macho. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka sita alikuwa na baba anayemkumbuka.

"Baba aliandika," alisema. "Wewe wasema hivi ili uolewe."

"Ummulkheir, hebu nisikize."

"Umezificha wapi?"

Akaanza kupekua. Alifungua kasha, akatoa kanga moja moja, akainua godoro, akapapasa juu ya kabati. Mwanaesha alikaa akamtazama.

Alipokosa, Ummulkheir alichukua mtandio wake akaenda kwa bibi yake, mamake Yeslam, kumngoja babake huko.