Mikono Juu, Mzee Mulei

Mulei alikuwa fundi seremala hapo Makina, Kibera, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Mteja aliyekuja kuulizia stuli aliondoka ameagiza kitanda. Halafu siku moja ya Oktoba, mwaka wa 2007, akiwa na randa mkononi, kiharusi kikamwangusha. Alipozinduka, upande wake wa kulia ulikuwa mzito kama gunia la maharagwe, na maneno yote yalikuwa yamemtoroka isipokuwa moja tu: kesho. Akitaka maji, "kesho." Akitaka kwenda chooni, "kesho." Hata jina la Wayua, mkewe wa miaka mingi, liligeuka kesho likifika ulimini.

Kichwani akili ilikuwa ile ile, na hilo ndilo lililomuuma. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitambua: hata maneno ya watu yalimfikia yamevunjikavunjika. Mtu akimwambia "inua mkono," yeye alisikia sauti tu, kama ya majirani wanaogombana nyuma ya ukuta wa mabati.

Wayua alikuwa akimpeleka Kawangware, kwenye ukumbi wa kanisa ambako Shivachi, daktari wa mazoezi, aliwafundisha wagonjwa wa kiharusi kutumia viungo vyao tena. Shivachi alikuwa mtu mwema mwenye sauti ya kocha. Alizunguka nyuma ya viti ili wasianguke, huku akitoa amri. "Mguu wa kulia mbele! Shusha! Haya, simama!"

Wenzake walisimama. Mulei alibaki ameketi akigeuza shingo kutafuta ilikotoka ile sauti.

"Mzee Mulei, unalala?" Shivachi alisema, na ukumbi ukacheka. Pembeni akamwambia Wayua, "Mama, huyu mwili wake unaweza. Ni yeye hataki."

Maneno yenyewe Mulei hakuyapata, lakini uso wa mkewe aliusoma wote.

Ukaja uchaguzi wa Desemba, na baada yake moto na watu kuwindana kwa makabila. Kibera ikawaka, njia zikafungwa, na Wayua akaamua mazoezi yafanyikie nyumbani. Alimsimamia mumewe kila asubuhi, milio ya bunduki ikisikika kwa mbali. "Inua mkono, Baba Kaveke. Mkono! Huo ni mguu! Kwani unanifanyia makusudi?" Kadiri alivyopaza sauti ndivyo Mulei alivyochanganyikiwa. Siku moja alishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto akakirusha ukutani. Wayua aliokota vigae akilia, na Mulei, aliyetaka kusema nisamehe, akasema, "Kesho."

Katikati ya Januari mambo yalitulia kidogo. Wayua akamwomba mpwa wao Duncan, aliyekuwa mwenye mkokoteni, awafikishe Kawangware. Walikuwa wamekaribia kufika walipokuta matairi yanafuka moshi barabarani, na vijana wenye marungu na mapanga.

"Nyinyi ni watu wa wapi?" aliuliza mmoja mwenye panga.

"Tunatoka Kibera. Sisi Wakamba," Duncan alisema. "Tunapeleka mgonjwa mazoezi."

"Mazoezi, na vile mji unachomeka? Huyo buda aongee kikwao tusikie."

Mulei aliliona lile panga na akajua wanachokitaka. Akalitafuta jina lake. Akaitafuta Machakos, kwao. Akatafuta hata ile salamu ya Kikamba aliyofundishwa na mama yake.

"Kesho," alisema.

"Kesho nini?"

"Kesho! Kesho!"

"Buda anatutisha huyu!"

"Alipatwa na stroki, mwanangu," Wayua alilia. "Haongei."

"Wewe mathe nyamaza, aongee mwenyewe." Yule kijana akasogea. "Mikono juu!" alifoka, na papo hapo akaitupa mikono yake mwenyewe juu, panga na yote.

Mulei akaelewa. Kwa mara ya kwanza tangu aanguke, alielewa amri nzima, kwa sababu aliiona. Mkono wa kushoto ukaushika wa kulia, ukauinua hadi juu ya kichwa. Ukateleza, na ule wa kulia ukaanguka juu ya mbao za mkokoteni, pwaa, kama kitu kisicho chake.

Vijana wakatazamana. "Kweli ni mgonjwa," mmoja akasema. "Rudini mlikotoka. Huku hampiti."

Njiani kurudi Mulei alikuwa kama amepagawa. Alipiga mbao, akainua mkono wake mzima, akamwelekeza Wayua, akauinua tena. "Kesho! Kesho!"

"Ndiyo, Baba Kaveke. Tutajaribu kesho. Tulia," alijibu Wayua, na Mulei akatamani kumng'ata.

Walipoingia Kibera wakakuta polisi wakifukuzana na watu, na moshi wa kutoa machozi ukawafunika. Duncan alikimbia na mkokoteni akipofuka. Wayua alikohoa mpaka akatapika. Kesho yake asubuhi hakuwa na sauti kabisa.

Alikaa mbele ya mumewe kwenye stuli, macho mekundu, akafungua kinywa aseme inua. Hakuna kilichotoka. Kwa hasira akaushika mkono wake mwenyewe, akauinua.

Mulei akainua wake.

Wayua akashusha. Mulei akashusha. Akanyoosha mguu wa kulia, na ule mguu wa Mulei, ukitetemeka, ukajikokota sakafuni kumfuata. Wayua akaziba mdomo kwa kiganja. Mulei alicheka na kulia pamoja, lakini kifuani hasira ilikuwa bado: muda wote huo alikuwa akigonga mlango, na leo umefunguka kwa bahati tu.

Njia zilipofunguka mwisho wa Februari, wakarudi ukumbini. Mulei alishika mgongo wa kiti, akasimama peke yake. Shivachi akapiga makofi.

"Si nilisema? Ukitaka, unaweza!"

"Daktari," Wayua alisema, sauti bado inakwaruza, "haelewi akiambiwa. Anaelewa akionyeshwa."

"Sawa, sawa mama," Shivachi alijibu, akiwa ameshazunguka nyuma ya viti. "Haya wote, kaeni! Mguu wa kulia mbele!"

Mulei akauvuta mgongo wa kiti kwa mkono mzima, kikakwaruza sakafu, watu wakageuka. Alikizungusha mpaka kikamwelekea Wayua aliyekuwa ameketi kwenye benchi la ukutani, kisha akakaa. Wayua akapandisha kidogo leso aliyojifunga kiunoni, akanyoosha mguu.

"Mzee Mulei, unaenda wapi? Tazama huku!"

Mulei hakugeuka. Mguu wake ulikuwa umeshaanza kuinuka.